Mkono wa Kushoto wa Mjomba Sixtus

Harufu ndiyo iliyomgutusha. Yustina alidhani karanga zimeungua, akainama kuchungulia kikaango, kumbe karanga zilikuwa salama na kilichokuwa kinaungua ni yeye. Alikuwa ameishika sufuria ya uji kwa mkono wa kushoto, bila kitambaa, vidole vinne vimeuzunguka ukingo wake, na hakujua amesimama hivyo kwa muda gani. Aliitua sufuria taratibu. Akaugeuza mkono, akautazama. Ngozi ya vidole ilikuwa imejikunja na kuwa nyeupe, na juu ya kidole cha shahada lengelenge lilikuwa linainuka.

Hakusikia maumivu yoyote. Alijua kwamba angepaswa kuogopa, akangoja woga uje, haukuja.

Mama yake aliingia kutoka uani na ufagio mkononi, akauegemeza ukutani, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, dada," Yustina akajibu, mkono wa kushoto keshauficha nyuma ya khanga.

Mgeni angeweza kudhani anachezewa mchezo. Mwanamke wa miaka arobaini na tano anamwamkia binti yake wa kumzaa, tena kwa goti, na binti wa miaka ishirini na sita anaipokea shikamoo bila aibu. Lakini hapo Kichangani, Morogoro, hakuna jirani aliyeshangaa. Katika ukoo wa akina Banzi mtu mzito akifa jina lake halizikwi naye. Siku ya kuanua matanga dada wa marehemu husimama mbele ya wazee, akamchagua mmoja wa watoto wake mwenyewe, akamwamkia kama alivyokuwa akimwamkia marehemu. Anayeitikia marahaba ndiye marehemu kuanzia hapo. Hukalia kigoda chake, huulizwa mashauri yake, na ugomvi wa marehemu na watu huwa wake. Hachagui atwae hiki aache kile.

Miaka miwili iliyopita Kolumba Banzi, mama yake Yustina, alikuwa na wana watatu wa kiume wa kuchagua, wote waoga wa kupigwa, jambo ambalo si kosa. Kaka yake Sixtus alikuwa bondia. Kwa hiyo alimgeukia Yustina, aliyekuwa ameshapanda ulingoni mara tisa, akamwamkia. Tangu msiba Kolumba alikuwa hajala kitu cha maana, wiki tano nzima. Yustina aliitika, na jioni ile mama yake akala ugali na mboga za maboga, akaomba aongezewe. Ikiwa mtu atauliza kwa nini binti msomi kidogo, mwenye akili zake, alikubali mambo hayo, jibu ndilo hilo. Alimpenda mama yake na alitaka ale.

Mama akamimina uji kwenye kikombe cha bati. Nyumba ile haikuwa na kikombe cha aina nyingine.

"Jumamosi ya pambano imefika, kaka. Siku nne tu."

"Imefika."

"Utamfungulia mlango yule mtoto wa Mbeya aingie mwenyewe," mama akasema, na akacheka cheko lake la zamani. Yustina alinywa uji kwa mkono wa kulia.

*

Fundi Dimoso alianza kazi kwa kutengeneza mashine za kusikilizia za viziwi, na banda lake la Mji Mpya bado lilikuwa na kibao kinachosema hivyo. Mitindo ya mabondia alijifunza baadaye, njaa ilipomfundisha.

Wakati huo kila bondia wa ridhaa na wa kulipwa alikuwa na mwongozo, kidude kinachokaa nyuma ya sikio. Mwongozo ulisomeshwa mapambano yote yaliyowahi kurekodiwa duniani. Unalitazama bega la adui, maana bega husema kabla ngumi haijaondoka, kisha unamnong'oneza bwana wake: kulia, inama, rudi. Ulipoingia watu walishangilia. Baada ya miaka sita walikuwa wanasinzia kwenye viti, kwa sababu mabondia wote walinong'onezwa mambo yale yale, wakawa wanazungukana raundi kumi na mbili bila mtu kuguswa pua.

Waliobaki wa kutazamwa ni vituko. Alikuwepo bwana mmoja wa Uvinza aliyepigana amempa mwenzake mgongo nusu, anachungulia juu ya bega. Alikuwepo mama wa watoto wanne kutoka Kiomboi aliyepiga makofi kwa glavu kabla ya kila konde, mara nyingine akapiga makofi tu na konde lisije. Miongozo iliwashindwa. Na kuliko wote alikuwepo Sixtus Banzi, ambaye mkono wake wa kushoto ulining'inia mpaka gotini kama wa mtu aliyebeba ndoo, uso mzima wazi, mlango wazi, na ndilo jina watu walilompa: Mlango Wazi. Mwongozo ulimwambia adui aingie. Akiingia, alikutana na mkono wa kulia. Na mara moja moja ule wa kushoto nao uliruka kutoka chini, umetupwa na kiuno, bila bega kusema neno. Watu kumi na wanane walilala chini kwa mkono huo.

Yustina aliuweka mkono wake juu ya meza ya fundi, kati ya bisibisi na nyaya.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti yangu." Fundi hakuwa mtu wa ukoo, na kwake Yustina alikuwa bado Yustina. Aliuangalia mkono bila kuugusa. "Lini?"

"Leo asubuhi. Sufuria."

"Umeanza lini kutosikia?"

Yustina akafikiri. "Sikumbuki kuanza."

Fundi akachukua sindano ya kushonea, akaichoma ncha ya kidole gumba, kisha kiganja, kisha kifundo, kisha ndani ya kiwiko. Yustina alitazama matone madogo ya damu yakijitokeza moja baada ya jingine. Yalimpendeza kidogo, kwa rangi.

"Geuka," fundi akasema.

Akampima nyuma ya shingo, pale chini ya ngozi palipokaa punje ya mjomba Sixtus tangu alipolitwaa jina. Ni kitu kidogo, hakizidi dengu. Hupandikizwa kwa bondia akiwa hai, hukaa naye miezi minane au tisa, na kila agizo linalotoka kichwani kwenda kwenye misuli, ikiwa ni kupiga konde au kukoroga chai, punje huliandika. Ikitolewa na kuwekwa kwa mtu mwingine huanza kumfundisha mwili wake, mchana na usiku, hata akiosha vyombo. Baada ya nusu mwaka mwili mpya hutembea kwa mwendo wa mwili wa zamani. Mtindo haulazimishwi, unazoeleka.

Fundi alitandika mezani ukurasa mwanga, unaoonyesha yale punje iliyoyaandika. Upande wa kulia wa mwili wa Sixtus mistari ilikuwa imechakarika, milima na mabonde. Upande wa kushoto, kuanzia bega hadi kidole, palikuwa na mstari mmoja ulionyooka.

"Siku ile ya kukuwekea nilidhani punje ni mbovu," fundi akasema. "Nikaipima mara tatu. Punje ni nzima. Yule mzee hakuwa anauning'iniza mkono kwa ujanja, Yustina. Mkono ulikuwa umekufa. Makonde ya miaka kumi na saba, kuna mahali kichwani palikuwa panaoza kidogo kidogo. Alichofanya ni kujifunza kupigana na maiti imening'inia begani. Hodari, lazima nikiri. Sijaona hodari kama yule."

"Na punje iliandika."

"Iliandika kila kitu. Na kile kimya iliandika, ikakifanya agizo. Wewe kichwa chako kizima kabisa. Lakini miaka miwili kinafundishwa kutouita mkono, basi kimeusahau." Akaendelea kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vipuri. "Baada ya mkono ni mguu. Baada ya mguu ni koo."

Mjomba Sixtus alifariki akiwa na miaka arobaini na tisa, barazani kwake, amepaliwa na maji ya kunywa. Kuna waliosema amerogwa na watu wa mabondia wengine.

"Nilitaka kuichuja," fundi akasema. "Nilimwambia mama yako mbele ya wazee wote, kuna sehemu sizielewi, niondoe zile nisizozielewa. Unakumbuka alivyonijibu?"

Yustina alikumbuka. Mama yake alisema jina si unga, halichujwi. Wazee waliitikia kwa vichwa. Naye mwenyewe, aliyekuwa amekaa katikati yao na kigoda kipya chini yake, aliitikia pia, akaona maneno yale ni mazuri.

"Nikitaka uitoe?"

"Wiki tatu. Haiondolewi kwa siku moja, utaanguka kama gunia. Huenda mkono ukarudi, huenda usirudi. Pambano moja zaidi, siwezi kuahidi mguu."

"Nisipopanda Jumamosi?"

Wote wawili waliujua mkataba. Sixtus aliutia saini mwenyewe na Jumba la Mitindo, wanunuzi wa mitindo ya mabondia, mwaka mmoja kabla ya kufa: mwenye jina atasimama ulingoni siku iliyopangwa na kuridhia au kukataa kwa mdomo wake, na akiridhia mtindo utanakiliwa kwa vijana arobaini wa Jumba. Asipotokea, au asipomaliza pambano, ridhaa itahesabiwa imetolewa. Ili akatae ilimbidi apigane kwanza.

*

Vijana arobaini walikuwa wanafanya mazoezi kwenye ukumbi wa Jumba kesho yake saa nne asubuhi, safu nne za watu kumi kumi, na wote walikuwa wameuangusha mkono wa kushoto. Walikuwa bado hawajapewa punje. Walijaribu tu, kwa kuiga, na kuiga kwao kulionekana: bega liliwasaliti, misuli ilicheza. Mkono mzima haujui kulegea kiasi hicho.

Bwana Kasanda, msimamizi wa Jumba, alimkaribisha Yustina ofisini, akamwekea kiti, akasikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Aliwasomesha wengi wa vijana wale kwa mshahara wake, na alipozungumza aliutazama ule mkono wenye bandeji.

"Tumejaribu kuichuja nakala ya punje tuliyo nayo," akasema. "Mwaka jana, kwenye mashine. Ukikiondoa kile kimya, unabaki na mtu aliyeacha mkono chini na anapigwa. Hakuna mtindo pale bila kile kimya."

"Kwa hiyo mlijua."

"Tulijua kuna kitu. Tutawapima kila mwezi. Tutawatoa mapema, kabla ya mguu." Akajifuta uso. "Dada Yustina, nikuulize. Bondia gani unayemjua amestaafu na mwili wake wote? Hawa wakipanda na miongozo ya kawaida watapigwa kichwani miaka kumi na hawatashinda kitu. Kwa Mlango Wazi watashinda. Na wameomba wenyewe. Toka ukawaulize."

Yustina akatoka, akawauliza. Alimchagua binti wa safu ya mbele, mrefu, miaka kumi na tisa, aliyejitambulisha kwa jina la Nambua.

"Wakikwambia utashinda mapambano yako yote, lakini utapoteza mkono wa kushoto, utasemaje?"

Nambua alipumua, jasho likimtiririka shingoni. Alilifikiria swali kwa heshima.

"Mkono tu?" akauliza.

Wenzake wawili walicheka. Jibu lilikuwepo, la mguu na koo na maji ya kunywa barazani, na Yustina alilitoa lote, wazi wazi, bila kuficha. Nambua alimsikiliza. Kisha akauliza kama Mzee Sixtus aliwahi kushindwa.

"Hapana," Yustina akasema, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Alirudi nyumbani kwa miguu. Alijua kuwa alichokiona ni cha kuhuzunisha. Alikijua kama mtu anavyojua jina la mji ambao hajawahi kufika.

*

Ijumaa alasiri mama yake alikuwa ameketi mkekani, anachambua mchele. Yustina alikaa kwenye kigoda cha mjomba, kwa kuwa ndicho alichotakiwa kukikalia.

"Dada," akaanza. Miaka miwili alikuwa hajalitamka lile neno jingine. "Vile vikombe vya udongo, vya maua ya buluu, vilikwenda wapi?"

Mama hakuinua macho. "Maswali gani hayo, kaka? Si ulivivunja mwenyewe? Vyote sita. Vilikuwa vinakuponyoka."

"Nilikuwa nasemaje?"

"Ulikuwa unasema vinateleza." Mama akatupa kijiwe. "Cha sita kilipovunjika hukusema kitu. Nikaenda sokoni nikanunua vya bati. Ukaniambia, Kolumba, usimwambie mtu, wakijua wataninyang'anya ulingo. Mimi nikanyamaza. Si uliniomba?"

Ungo ulikuwa umetulia magotini mwake. Alikuwa anaongea na kaka yake, kwa raha, jambo la siri lao wawili, na Yustina alijiona kama mtu aliyefungua barua isiyo yake. Akafungua bandeji. Akauweka mkono juu ya mchele uliochambuliwa, kiganja juu, vidole vyekundu vimechubuka, na alama nne za sindano zikipanda kuelekea kiwiko.

Mama aliutazama. Kuku aliingia, akadonoa punje mbili tatu pembeni mwa ungo, na hakufukuzwa.

"Hausikii kitu," Yustina akasema. "Tangu lini, sijui. Fundi anasema ni ule wa mjomba. Ule tuliokataa uchujwe."

Mama akainuka. Akaenda chumbani, akarudi na chupa ya asali, akapaka kila kidole kwa uangalifu, akafunga bandeji safi. Alipomaliza alikaa tena, akauvuta ungo.

"Kesho utashinda, kaka," akasema.

*

Pambano lilianza saa tisa na nusu mchana, jua likiingia kupitia madirisha ya juu ya ukumbi. Wazee wanne wa ukoo walikaa mstari wa mbele na kofia zao, mama yake kati yao, na nyuma yao vijana arobaini wa Jumba waliovaa jezi za kijani.

Sekela Mwaisumo wa Mbeya alikuwa bondia safi. Miguu mepesi, mabega makini, mwongozo wa kisasa nyuma ya sikio. Katika raundi ya kwanza alifanya kila kitu sawasawa. Aliuona mlango, akasikia sauti inamwambia ingia, hakuingia. Kocha wake alikuwa amemkanya. Raundi ya pili aliingia kidogo, akapigwa kwa kulia juu ya jicho, akatoka. Raundi ya tatu alianza kukasirika.

Yustina alipigana bila kufikiri, kama siku zote. Mwili ulifanya kazi yake na yeye alikuwa mahali fulani nyuma, anatazama. Makonde ya kichwani aliyasikia kama mtu anayebisha hodi nyumba ya jirani. Katika raundi ya nne alitaka kuzunguka kushoto na sakafu haikuwepo. Aliangalia chini. Mguu wa kushoto ulikuwa pale, kiatu kimekanyaga vizuri, turubai chini yake, lakini habari hiyo ilimfikia kwa macho tu.

"Basi," akajisemea. Hilo tu.

Kwenye kona fundi Dimoso, aliyekubali kumhudumia siku hiyo, alipiga magoti akaukamata ule mguu, akalifinya paja kwa nguvu zake zote. Akamtazama usoni.

"Nirushe taulo?"

"Ukirusha, vijana wameshapewa."

Akapanda tena. Sasa alikuwa anapigana na mkono mmoja na mguu mmoja, na mwongozo wa Sekela, ulioyasoma mapambano yote ya dunia, haukuwahi kusoma hilo. Katika raundi ya sita Sekela aliingia mzima mzima mlangoni. Yustina alipoteza mizani, kiuno kikageuka chenyewe kuutafuta mguu usiokuwepo, na mkono wa kushoto ukafuata nyuma yake kutoka chini, mzito, wa mtu mwingine. Ulimpata Sekela chini ya taya. Mwamuzi alihesabu hadi kumi na angeweza kuhesabu hadi hamsini.

Ukumbi ulilipuka. Vijana arobaini walirukaruka juu ya viti, mikono ya kushoto ikining'inia. Yustina alisimama katikati ya kelele hizo akiegemea kamba, na akagundua kwamba hata furaha ya kushinda hakuwa nayo. Akaitafuta kwa muda, akaacha.

Bwana Kasanda alipanda na kinasa sauti. Alingoja kelele zitulie. "Mwenye jina," akasema kwa taratibu za mkataba, "taja jina lako mbele ya ukoo, kisha useme umeridhia au umekataa."

Kukataa kungetosha kwa mwaka mmoja. Yustina alikuwa ameusoma mkataba mara nyingi wiki ile. Mwenye jina akikataa huulizwa tena mwakani, na mwaka unaofuata, na akifa huulizwa atakayefuata. Madhali lipo jina linaloitikia, lipo la kuulizwa. Kulilaza jina ni jambo jingine kabisa, si la mkataba, na hakuwahi kuliona likifanyika. Aliwahi kulisikia tu kutoka kwa bibi yake: jina huamshwa kwa salamu, na hulazwa kwa salamu, na mwenye uwezo huo ni yule yule aliyeliamsha.

Akauvuta mguu wake mpaka upande ule waliokaa wazee. Akashika kamba kwa mkono wa kulia, akajiinamisha, akapiga goti zima, jinsi binti anavyopiga.

"Shikamoo, mama."

Watu wa nyuma walidhani anashukuru, wakapiga makofi. Wazee wa ukoo hawakupiga. Mmoja wao aliweka mkono kifuani.

Kolumba Banzi alikuwa amekaa wima, mkoba magotini. Alimtazama aliye mbele yake na Yustina akajua anayemwona. Alikuwa anamwona kaka yake amepiga goti, kaka aliyembeba mgongoni kuvuka mto wa Morogoro wakati wa masika, aliyevunja vikombe sita, ambaye Kolumba alimzika mara moja akampata tena, na sasa anaombwa amzike kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya watu elfu mbili. Hakuna mkataba uliomlazimisha kuitika. Angeweza kunyamaza, na kila kitu kingebaki kama kilivyo.

Alinyamaza. Makofi yalikoma. Bwana Kasanda, aliyezaliwa kwingine na hakuelewa, alimgeukia fundi, na fundi akamwashiria angoje.

"Shikamoo, mama," Yustina akasema tena. Goti la kushoto hakulisikia, na hakujua kama ataweza kuinuka. "Nimechoka."

Macho ya mama yake yalishuka, kutoka usoni hadi begani, kutoka begani hadi kwenye ile glavu iliyoning'inia nje ya kamba, ikiyumba yumba kidogo. Alikaa akiiangalia mpaka ikaacha kuyumba.

"Marahaba," akasema. Sauti haikutoka vizuri. Akakohoa, akairudia ili kinasa sauti na wazee na kila mtu asikie. "Marahaba, Yustina, mwanangu."

Wazee wanne walisimama, wakavua kofia. Fundi alimnong'oneza Bwana Kasanda kwamba hakuna tena jina la kuulizwa, naye akazima mashine yake. Katika safu za nyuma Nambua alikuwa bado ameuangusha mkono wake, halafu akaupandisha, akajikuna shingo.

*

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa na benchi moja na bomba linalovuja. Fundi Dimoso aliweka miadi ya Jumatatu, akasema wiki tatu, akarudia kwamba haahidi kitu, akatoka. Wakabaki wawili.

Mama alimvua glavu ya kushoto, akakunjua bandeji. Asali ilikuwa imekauka. Hakulia, alikuwa amelia njiani kutoka kwenye kiti chake mpaka pale, na alikuwa amemaliza, au alikuwa ameahirisha. Akaukamata mkono wa binti yake, akaukandamiza ukucha wake kwenye kidole gumba.

"Hapa?"

"Sisikii, mama."

Akapanda kwenye kiganja. "Hapa?"

"Sisikii."

Kifundo. Kiwiko. Akaenda taratibu, hatua ya ukucha mmoja mmoja, bila kuruka mahali, na kila mahali aliuliza na kila mahali alijibiwa hivyo hivyo. Walipofika juu ya kiwiko, mwanga wa dirisha ulikuwa umeshahama kutoka kwenye benchi. Nyama ya mkono wa juu. Bega, mbele, kisha nyuma. Yustina alikuwa amefumba macho na alijibu kwa kutikisa kichwa tu. Ukucha ukavuka mfupa wa mtulinga, ukapanda upana wa kidole kimoja kuelekea shingoni.

"Hapa?"

Yustina alifumbua macho.

"Hapo," akasema. "Hapo panauma."

Mama yake hakuuondoa mkono. Aliuacha pale pale, akabonyeza.